Mtu wa Kumi

Mume wangu Zabron si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu nikishaanza kusimulia hasira zitanipanda, na zikinipanda huwa sichagui maneno. Waulizeni wenzangu tunaouza vitenge pale karibu na mpaka. Hata akina mama wa Kizambia wananijua, wakinitajia bei ya kunidharau nawaambia, "Bamayo, nenda kwa jirani, kwangu leo hapakufai."

Sasa sikilizeni. Chama chetu cha wafanyabiashara kina utaratibu wake ambao sijausikia kwingine. Kila Juni, wakati wa kupeleka ritani za kodi ya mapato, hatuhangaiki kila mtu kivyake. Chama kina mhasibu wake, Gasper, kijana mpole mwenye miwani, anakaa ofisini kwetu juu ya duka la magodoro na kutujazia wote. Akishamaliza mambo ya serikali anainua uso na kukuuliza, "Na hiari yako iende wapi?" Hiyo hiari serikali haina habari nayo, ni yetu wenyewe. Ukishamalizana na kodi unaongeza kidogo kwa ajili ya watu, na unachagua mwenyewe kiende mfuko gani kati ya mitatu: yatima, wajawazito wanaosubiri kujifungua mbali na kwao, au wagonjwa wa akili. Unataja kwa mdomo, foleni nzima inakusikia, wengine wanakupigia makofi, wengine wanakutania. Kodi inauma jamani, lakini siku hizo pale juu watu walikuwa wanacheka.

Sharti lilikuwa moja. Mfuko usiopata watu kumi katika msimu unafutwa, na nafasi yake inapewa jambo jingine. Tulilipitisha sharti hilo wenyewe kwa kunyoosha mikono, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Ombeni ni mdogo wake Zabron. Mama mmoja, baba mbalimbali, ndiyo maana majina yao ya ukoo hayafanani. Alikulia Iyula, kule kwao Mbozi, kwa mama yao, kwenye kahawa, kijana mcheshi, mwimbaji wa kwaya. Alipoanza kuota ndevu akaanza pia kusikia watu wakimsema kutoka ukutani. Basi tena. Akafungwa kamba, akapelekwa kwa waombeaji, akapelekwa kwa waganga, na mwisho hospitali, ambako nako alifungwa kitandani. Alipotoka huko aliapa kwamba geti la hospitali hataliingia tena maisha yake yote, hata kwa malaria. Na hakuingia. Tulimbembeleza, tulilia, tuliwatuma wachungaji, wapi!

Aliyemweza ni nesi Ruti. Huyu mama ni mstaafu, na mfuko wetu wa wagonjwa ndio uliomweka hapa Tunduma. Ulimlipia chumba nyuma ya soko, ukamnunulia dawa, na kila mwezi wagonjwa wake walikuja pale kuchomwa sindano. Hakukuwa na geti wala koti jeupe. Kulikuwa na birika la chai na mikeka. Mimi ndiye niliyemshika Ombeni mkono kumpeleka mara ya kwanza. Alikaa karibu na mlango, tayari kutimua mbio. Nesi Ruti akamwambia, "Baba, kwa magoti yangu haya ukikimbia siwezi kukufukuza, kwa hiyo kunywa kwanza chai." Ombeni akacheka. Mwenzenu nilitoka nje nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshasahau anachekaje.

Akawa mtu tena. Alipanga chumba chake, akapata mkokoteni, akawa anabeba saruji kutoka dukani kwa Zabron kuwapelekea wateja. Watu walimpenda kwa utani wake. Kila mwezi bila kukumbushwa anaoga, anavaa shati safi, anakwenda kwa nesi Ruti kama anayekwenda kanisani. Sindano hiyo moja ndiyo iliyokuwa kati yake na kamba, na alilijua hilo kuliko sisi.

Lakini Zabron alimwekea sharti: asimwite kaka mbele za watu. Amwite mzee, au bosi. Ombeni akakubali, akaligeuza utani. "Shikamoo bosi wangu nisiye na undugu naye," alikuwa akisema tukiwa jikoni kwangu, na Zabron anacheka kwa shida.

Msimuone Zabron mnyama. Binti yetu Jenista alikuwa anachumbiwa na Jofrey, kijana mwenye kazi nzuri, na mama yake Jofrey anauza mchele kwa jumla hapahapa mjini, mwanachama mwenzetu. Na sisi huku mnajua tulivyo. Kabla ya mahari wazee wa upande wa pili wanatumwa kimyakimya kuchunguza: ukoo huu una kifafa? Una kichaa? Wakikuta kitu, hawarudi tena, na hawakuambii kwa nini hawakurudi. Zabron aliona dada yake mkubwa akizeekea nyumbani kwa uchunguzi wa namna hiyo. Basi alikuwa anaogopa, na woga wake ulikuwa wa baba.

Juni ikafika. Mimi nilikwenda siku za mwanzo, na zamu yangu ilipofika nikasema kwa sauti, "Wagonjwa wa akili!" Nyuma yangu akatokea mmoja wa kunitania, "Atuganile, unawaandalia ndugu zako?"

"Ndiyo," nikamjibu, "na wewe nimekuwekea nafasi ya mbele."

Foleni ikaangua kicheko, hata Gasper akavua miwani kujifuta macho. Hakuna aliyeniwazia lolote, maana mimi wananijua, nasema chochote. Nilirudi nyumbani nikamwambia Zabron, "Baba Jenista, wanaotaja wagonjwa ni wachache mwaka huu. Ukienda usisahau." Akaniambia ameelewa. Nami nikaridhika, kwa sababu mtu akikuambia ameelewa unategemea ameelewa.

Msimu ulipofungwa Gasper alikuja mwenyewe kwenye kibanda changu. Alisimama, akashika kitenge, akakiacha.

"Mama, mfuko wa wagonjwa umekosa mtu mmoja. Wamefika tisa tu."

"Hebu rudia hesabu. Mzee umemweka?"

Akatazama chini. "Mzee alisema yatima, mama. Nyuma yake alikuwa amesimama mama Jofrey."

"Na mama Jofrey?"

"Na yeye yatima."

Presha ilinipanda nikaona vitenge vyote rangi moja. Nilifunga kibanda mchana kweupe, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Zabron, nikamkuta kwenye stoo. Nilimsema! Sitawaambia yote niliyoyasema, mengine yanamhusu marehemu mama yake na nimeshatubu. Yeye alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji, ameshika kichwa.

"Ulitaka niseme nini, na mkwe amenisimamia mgongoni?" alisema. "Nilidhani kumi hawakosekani. Tunduma yote hii, watu wote hawa! Nilijua wapo watakaosema."

"Kila mtu alijua wapo watakaosema, Zabron. Ndiyo maana hawakuwepo."

Nilimwona machozi yamemjaa machoni, lakini hasira hazikuniacha nimhurumie.

Ilibaki nafasi moja. Katiba ya chama ilisema kwamba mfuko ukikosa watu, mwanachama mwenye ndugu wa damu anayehudumiwa na mfuko huo anaweza kusimama mkutanoni na kuuombea msimu mmoja zaidi. Mtu mmoja tu, kusimama tu. Wiki nzima nilimfuata Zabron kwa hilo: akinywa chai namwambia, akivaa viatu namwambia. Jumapili, siku ya mkutano, alivaa koti lake la kanisani, akaniambia, "Leo nitajitahidi." Nikashika neno hilo kama mtoto aliyeahidiwa zawadi.

Ukumbi ulijaa. Na nani aliyeleta kreti za soda kwa mkokoteni? Ombeni. Alizipanga ukutani, na alipomaliza akabaki amesimama mlangoni, kofia mkononi, kwa kuwa alijua kinachoamuliwa mle ndani ni nini. Nesi Ruti naye alikuwapo, amekaa nyuma kabisa.

Mwenyekiti alisoma ajenda, akafika hapo. "Yupo mwenye ndugu wa damu anayehudumiwa na mfuko huu? Asimame, tusikilizane."

Nilimtazama Zabron. Alikuwa anatazama viatu vyake. Safu mbili mbele yetu mama Jofrey alikuwa anajipepea kwa khanga. Mwenyekiti akauliza tena, akaanza kufunika daftari lake, na mimi mwili ukanyanyuka wenyewe.

"Mimi ninaye," nikasema. "Shemeji yangu."

Watu wakageuka. Mwenyekiti, mzee wa watu mstaarabu, akatabasamu. "Mama Jenista, shemeji siyo damu yako, ni damu ya mumeo. Na mumeo huyo hapo umekaa naye. Mzee Zabron, hebu tuambie mwenyewe."

Zabron akasimama. Nikasema kimoyomoyo, Bwana asifiwe, leo ndiyo leo. Alikohoa, akarekebisha koti, akamtazama mama Jofrey kisogoni, kisha akacheka kile kicheko chake cha shida.

"Ndugu mwenyekiti, mke wangu ana huruma sana. Wagonjwa wote anawaita shemeji zake."

Ukumbi ukacheka. Walicheka kwa upendo, jamani, ndicho kinachoniuma, walikuwa wanatupenda. Lakini mmoja akanyoosha kidole mlangoni akasema, "Si huyu Ombeni anachoma sindano pale? Na si anafanya kazi kwa mzee Zabron?" Mwenyekiti akageuka. "Eti kijana, mzee Zabron ni ndugu yako?"

Ombeni alimtazama kaka yake. Zabron alikuwa bado amesimama, jasho linamtiririka kwenye mashavu. Nadhani hata wakati ule, kama Ombeni angesema ndiyo, Zabron asingekataa. Nadhani. Nataka kuamini hivyo.

"Hapana, mzee," Ombeni akasema. "Mimi sina ndugu hapa. Ni bosi wangu tu, na mama anatuhurumia."

Akavaa kofia yake, akatoka. Mfuko ukafutwa, nafasi yake wakaupa uwanja wa mpira.

Nesi Ruti hakuwa na cha kumweka mjini tena. Binti yake anaishi Mkwajuni, mume wa binti huyo anachimba dhahabu huko, na kulikuwa na zahanati moja ya watu binafsi iliyokuwa tayari kumpa chumba kwa kazi ileile. Alipofungasha, Ombeni akafungasha naye. Dukani hakupita. Alipita kwangu, akakaa kwenye kigoda changu cha wateja kama kawaida yake.

"Shemeji, usimgombeze sana," akaniambia.

"Kwa nini ulikataa, Ombeni? Ungesema ndiyo, ungeona angefanya nini!"

"Ningesema ndiyo, angekuwa mwongo mbele ya watu wote. Mzee wa kanisa yule, shemeji. Mimi nimeshaaibika sana maishani, nimezoea. Yeye hajazoea." Halafu akanichagulia kitenge, akasema kinanipendeza, akaniaga. Mkokoteni aliuacha nyuma ya duka la Zabron, ameuosha.

Jenista aliolewa. Harusi nzuri, ngoma, pilau, watu mpaka barabarani. Katikati ya sherehe mama Jofrey akanivuta pembeni, nyuma ya turubai, akaangalia kushoto na kulia.

"Mkwe, nikuulize kitu ukifiche. Yule nesi Ruti alihamia wapi? Mdogo wangu alikuwa anachoma sindano kwake. Tangu ameondoka tumehangaika, sasa hivi tumemfungia chumbani. Siku ile ya hiari nilitaka kusema wagonjwa, nakuapia, lakini mzee Zabron alikuwa amesimama mbele yangu. Nikaogopa mtatufikiriaje."

Nilikaa juu ya kreti nikiwa na gauni langu la mama wa bibi harusi, nikaanza kucheka, nikamwogopesha maskini. Nikamwambia Mkwajuni. Usiku, wageni walipokwisha, nilimwambia na Zabron. Tangu siku hiyo mume wangu alianza kukonda.

Alimpigia Ombeni simu. Ombeni alipokea vizuri, "Shikamoo mzee," akauliza habari za duka, za afya, za mimi, akaaga. Akampigia tena na tena, na kila mara ni mzee. Zabron alikuwa akikata simu anabaki ameishika. Siku moja aliniambia, "Sikuwahi kumwambia aache kuniita mzee. Nitamwambiaje kwa simu?"

Ndipo nesi Ruti akatupa habari kwamba Ombeni anaoa. Anaendesha bodaboda sasa, anawapeleka wachimbaji machimboni, na amepata binti anaitwa Shani, kwao ni wafugaji waliopanda kutoka bondeni huko Momba. Zabron hakuniuliza. Alifunga duka, akanunua suti ya bwana harusi na blanketi la wakwe, akakodi gari. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya maneno, midomo inacheza. "Nitasema mbele ya wakwe zake," akaniambia. "Nitakaa upande wake. Wataniuliza, nami nitasema."

Tulimkuta kwa baba yake Shani, mzee Mayala. Ombeni alinenepa jamani, alipendeza! Alinikumbatia. Kwa Zabron akainama akashika mkono wake kwa mikono miwili, akatutambulisha, "Baba, hawa ni wafanyabiashara wa Tunduma. Ndio walionipa kazi nilipokuwa sina kitu. Ni watu wema sana."

Tukakaribishwa viti, tukaletewa maziwa. Mzee Mayala alikuwa mtu wa maneno mengi na furaha nyingi.

"Huyu kijana wenu nilimpenda siku ileile ya kwanza," akasema. "Hata kukaa hajakaa, akaniambia, baba, mimi naumwa, nachoma sindano kila mwezi, nesi wangu ni huyu, kamuulize. Ndugu zangu wakaniambia nimkatae. Nikawaambia, mtu ambaye hakunificha hilo atanificha nini? Kama angenidanganya hata kidogo tu, nisingempa binti. Kasoro yake ni moja, hana ndugu. Hata mmoja!"

Zabron alifungua mdomo. Nilimwona, maneno yalikuwa yameshafika. Ombeni akamtazama tu, bila hasira, akatikisa kichwa polepole. Na mimi, mwenye mdomo kuliko wote, nikaelewa nikanyamaza. Kusema wakati ule kungemfanya Ombeni mwongo kwa watu waliompendea ukweli. Zabron akafunga mdomo, akanywa maziwa.

"Tumeshapata suluhisho," mzee Mayala akaendelea. "Nesi Ruti atasimama kama mama yake. Na jirani yetu huyu, Ngusa, atasimama kama kaka yake mkubwa. Ila Ngusa ni Msukuma kama mimi, na Ombeni anataka mambo yafuate na mila za kwao Mbozi. Mzee Zabron, wewe si mtu wa huko? Hebu mwelekeze Ngusa. Kaka wa bwana harusi kwenu anafanya nini?"

Ngusa akasogeza kigoda chake karibu, kijana mkubwa mwenye uso wa heshima, akakaa kusikiliza. Suti ilikuwa bado kwenye gari.

Zabron akaweka chini kikombe. Alianza taratibu. Akamwambia asitembee mbele ya bwana harusi wala nyuma yake, atembee ubavuni. Akamwambia blanketi analibeba yeye, hamwachii mtu. Chakula asikiguse kabla mdogo wake hajala. Ngusa alikuwa anaitikia kila neno, na Ombeni amesimama kando ya pikipiki yake, anaifuta kioo ambacho kilikuwa safi tangu tunafika.

"Halafu wazee wa upande wa binti watakuuliza," Zabron akasema. "Watauliza, huyu ni nani wako?"

"Nijibu nini, mzee?"

"Usinong'one. Simama wima, umshike bega, useme kwa sauti kila mtu asikie: huyu ni mdogo wangu, tumbo moja."

"Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja," Ngusa akajaribu.

"Ongeza sauti," mume wangu akamwambia, machozi yakimshuka na hayafuti. "Sema tena."

Ngusa akasema tena.